Tai ya Mpira

Kidole hakupewa jina hilo na wazazi wake. Walilompa wao limeandikwa kwenye leseni ya udereva, na wanaolisoma ni askari wa barabarani peke yao. Kwa watu wengine wote yeye ni Kidole, kifupi cha Kidole Kimoja, kwa sababu usukani wa pikapu yake alikuwa akiuzungusha kwa kidole cha shahada tu, kiganja kikiwa wazi, kama mtu anayepangusa meza ya sebuleni kabla mgeni hajaketi.

Kazi yake ni kuhamisha watu. Ukipata chumba kipya, au ukifukuzwa kwenye cha zamani, unamfuata kituoni, juu ya mteremko, nje ya duka la mbao, ambako pikapu za kukodi hujipanga tangu asubuhi zikingoja wateja. Utamkuta ameegemea mlango wa gari, shati limepigwa pasi, viatu vinang'aa, anabishana na wenzake juu ya mpira au juu ya chochote kilichopo. Ukimweleza unakotoka na unakokwenda, hatakuuliza kwa nini unahama. Huo ni uungwana wake wa kwanza. Mtu anayebeba vitanda vya watu ameona mengi. Ameona nani alikuwa akilala chini huku mchana akivaa suti, na nani anaondoka na nusu ya vyombo wakati mwenzake amejifungia ndani na nusu nyingine. Kidole hubeba, hufunga kamba, hunyamaza. Na tangu aanze kazi hajavunja kioo cha mtu. Makabati huyafunika kwa mablanketi mazito ambayo mke wake, fundi cherehani, alimshonea kutokana na mapazia ya zamani, kila moja na mkanda wake wa kufungia.

Alianza akiwa utingo kwenye gari la mtu mwingine, akisafiri nyuma juu ya masofa ya watu, akila vumbi na matusi ya mwenye gari kwa pamoja. Alipopata pikapu yake mwenyewe, kuukuu, mwili mweupe na mlango mmoja wa buluu, yeye na mke wake waliizunguka na kuizunguka pale uani mpaka jirani akatoa kichwa dirishani kuwauliza wamepoteza nini.

Kilichompa jina ni uchochoro wa nyuma ya kiwanda cha sabuni. Watu wa kule walikuwa wamezoea kubeba mizigo yao kichwani mpaka barabara kubwa, kwa kuwa hakuna dereva aliyekubali kuingia. Kidole aliingia kinyumenyume na kabati la milango mitatu mgongoni mwa gari. Wenye nyumba waliondoa nguo zao kwenye kamba na kufunga madirisha, kuta zikabaki zinatazama vioo vya pembeni kwa karibu sana, naye akapita kwa kidole kimoja huku mkono mwingine umeshika kikombe cha chai. Hapo kwenye chai nadhani watu wametia chumvi, lakini mwenyewe hajawahi kukanusha.

Fahari yake ya pili ilikuwa kwamba pikapu yake haijawahi kuvutwa. Hapa inabidi nieleze mambo ya pale kituoni. Gari la mmoja wao likiharibika na kupitishwa pale likivutwa, madereva wote huacha walichokuwa wakifanya, husimama kando ya barabara na kulia kama ng'ombe. Gari linalovutwa, kwa maoni yao, ni ng'ombe anayepelekwa mnadani. Aliyeanzisha mchezo huo ni Kidole mwenyewe, siku injini ya Mapema ilipozimika. Mapema ni dereva mwenzake, aliyeitwa hivyo kwa sababu hajawahi kufika popote mapema. Kidole alilia siku hiyo mpaka mwenye duka la mbao akatoka nje kutafuta ng'ombe. Mapema alicheka pamoja na wengine, lakini kwa muda mrefu baada ya hapo alikuwa akija kazini kwa njia ya nyuma.

Sasa tuje kwenye tai. Chini ya pua ya pikapu kuna vyuma virefu vinavyochukua amri ya usukani na kuifikisha kwenye matairi. Mwisho wa chuma kuna kichwa cha mviringo kama gololi kubwa, kimekaa ndani ya kikombe chake. Mafundi wanakiita chuma hicho tairodi. Kikombe kikilika, kichwa kinaanza kucheza, na kila shimo la barabarani linabisha hodi: ko, ko, ko. Fundi wa gereji atakuambia uweke mpya. Pale kituoni walikuwa na dawa yao. Walikata ukanda wa tyubu kuukuu, wakauvuta kwa nguvu zote, wakauzungusha kwenye shingo ya tairodi na kufunga fundo. Kelele ilikoma papo hapo. Waliita kuvalisha tai. Na kwa kuwa tai ni vazi la mabosi, mwenye gari lililovaa tai alitembea kifua mbele. "Yangu imeingia ofisini," alikuwa akisema, na wenzake wakimpa mkono. Kwamba mpira ulikuwa umenyamazisha kelele tu na kuuacha ugonjwa palepale, hilo hakuna aliyetaka kulisikia.

Hakuna aliyefunga tai nzuri kama Kidole. Fundo lake lilikuwa dogo, mkia umekatwa sawasawa. Pikapu yake ilivaa tai upande wa kulia, baadaye ikavaa na kushoto, kisha usukani ukawa mwepesi.

Alifurahi. Alidhani kidole chake kimekomaa. "Siku hizi sigeuzi," aliwaambia wenzake. "Nawaza tu, yenyewe inakwenda."

Aliyekuwa wa kwanza kutofurahi ni mke wake. Siku moja alipanda naye kwenda kupeleka sare za shule alizoshona, furushi mapajani. Si mtu wa maneno mengi njiani. Alikuwa akikitazama kidole.

"Baba," alisema mwishowe, "mbona unageuza halafu gari inafikiri?"

"Inafikiri nini?"

"Sijui. Unazungusha, inakaa kwanza, ndiyo inakata kona. Kama mtoto anayetumwa dukani hataki."

"Huo ndio wepesi wenyewe."

"Kwenye cherehani yangu, gurudumu likizunguka na sindano ikachelewa, sigusi nguo ya mtu mpaka nijue kwa nini."

"Cherehani haihitaji leseni," Kidole alisema. "Wewe shona, mimi niendeshe."

Mke wake hakujibu. Ni mwanamke ambaye akinyamaza unajua bado anaongea. Na jioni moja, redio ilipokuwa ikipokea simu za wenye pikapu za aina ile ile, mmoja akisema usukani ulimwachia kwenye barabara iliyonyooka, mwingine akisema anaogopa kubeba wanawe, mke wake aliongeza sauti ya redio na kuendelea kukunja nguo zake. "Hao hawajui kuendesha," Kidole alisema. Kisha akainuka kwenda kufunga mlango uliokuwa umefungwa tayari.

Maana hakuwa mjinga. Fundi wa gereji aliwahi kulishika tairi la mbele, akalitikisa mara moja tu na kumwambia tairodi zimekwisha, alete gari. Kidole alimjibu "nitaleta," na akaendelea kumjibu hivyo kila walipokutana. Kilichomzuia hakukisema kwa mtu yeyote. Vyuma vipya vingeufanya usukani uwe mzito, na usukani mzito ungetaka mikono miwili. Sasa mtu aitwaye Kidole akionekana anaendesha kwa mikono miwili kama aliyeanza kujifunza jana, ni nani tena? Nywele zilikuwa zimeshaanza kuwa nyeupe pembeni. Aliona bora abaki na kidole.

Ndipo kitindamimba wake akapata kazi. Binti huyo alikuwa amesomea unesi, akapangiwa hospitali iliyo ng'ambo ya mji, akapata chumba chake mwenyewe karibu na huko. Katika nyumba ile hakuna mtoto aliyewahi kuhama na kitanda alichonunua kwa mshahara wake. Kidole alitangaza habari hiyo kituoni, dukani, kwa askari wa barabarani na kwa wateja waliokuwa na haraka zao. Siku ya kuhama aliiosha pikapu mpaka mlango wa buluu ukaonekana mpya. Alikuwa amehamisha watu wasiohesabika, lakini huyu alikuwa wa kwake, na njia ya kwenda kwake ilipita kituoni, mbele ya wenzake wote, kisha ikashuka mteremko.

Walipakia kitanda, godoro, jiko, meza ndogo na kioo kirefu kilichofungwa kwa mablanketi mawili. Mbele walikaa watatu, binti katikati, mama dirishani na mapazia mapya mikononi.

"Baba, mteremkoni nitakurekodi," binti alisema, simu tayari iko mkononi. "Wenzangu wa wodini hawaamini kama mtu anaweza kushuka pale kwa kidole kimoja. Nimewaambia baba yangu anaweza."

"Waambie wakae mkao wa kula," Kidole alisema, na moyo wake ukajaa.

Kabla ya kituo kuna kona, na kwenye kona hiyo kuna kibanda cha fundi viatu. Kidole alizungusha usukani kwa kidole. Pikapu haikugeuka. Iliendelea mbele kuelekea kibandani, na fundi viatu akainua kichwa akiwa na sindano mkononi, kisha matairi yakazinduka, gari likakata kona na kupita. Binti alikuwa ameinamia simu yake, hakuona kitu. Mama aliona. Hakupiga kelele wala hakumtazama mumewe. Aliunyoosha mkono wake kifuani mwa binti, kama alivyokuwa akifanya zamani binti huyo alipokuwa mdogo na anakaa palepale katikati, na hakuuondoa tena.

Kidole aliuona mkono huo. Ungekuwa ni maneno, angeyajibu.

Kituoni walikuwa wamejipanga. Hata Mapema alikuwa amewahi, jambo ambalo watu walilizungumzia kuliko uhamaji wenyewe. Walipiga honi, wakapunga mikono. Mbele yao mteremko ulishuka mrefu na kunyooka mpaka chini kabisa, kwenye geti la shule ya msingi na meza za wauza mboga. Kilichotakiwa ni Kidole kupita akiwa ameinua kidole, kama siku zote, basi.

Alisimamisha gari na kuzima injini.

"Umesahau nini?" mtu mmoja aliuliza.

Kidole alichukua kisu chake cha kukatia kamba, akateremka, na kwa shati lile lile lililopigwa pasi akajilaza kwenye vumbi na kujivuta chini ya pua ya pikapu. Zikabaki kuonekana soli na viatu vinavyong'aa.

"Mwanangu," alisema akiwa kule chini, "kaa kwenye kiti changu. Zungusha usukani kidogo, kushoto na kulia."

Binti alizungusha. Kidole akaona kwa macho yake. Chuma kilikwenda, tairi likabaki. Kichwa cha tairodi kilikuwa kinatembea ndani ya mpira kama jiwe ndani ya soksi. Aliitazama tai yake, fundo dogo, mkia uliokatwa sawasawa, akalikata fundo. Mpira ulifyatuka, na kichwa kikatoka kwenye kikombe chake bila kulazimishwa na mtu, ncha ya chuma ikaanguka na kumgonga kifuani. Hapakuwa na kitu kingine kilichokuwa kimeshikilia upande ule. Familia yake ilikuwa inakwenda kuteremka ikiwa imefungwa kwa kipande cha tyubu.

Alikaa kule chini muda mrefu kuliko ilivyohitajika. Alisikia mlango wa gari ukifunguliwa na binti akiteremka. Alipotoka alikuwa na mafuta mazito kwenye shati na ukanda wa mpira mkononi.

"Gari haishuki," alisema. "Mpigieni fundi aje na brekidauni."

Walipigwa butwaa. Kumwita fundi aje na gari la kuvuta ni kuomba kuliliwa kama ng'ombe, na aliyekuwa akiomba ni Kidole.

"Uvutwe leo?" Mapema alimsogelea na kushusha sauti. "Mbele ya mtoto? Rudishia hiyo kitu, tufunge tai nyingine, ushuke polepole. Ukishafika utatengeneza hukohuko."

"Tai niliifunga mimi, na nimeikata mimi," Kidole alisema, wala hakushusha sauti. "Mwanangu hasafiri juu ya mpira." Kisha akamtazama Mapema. "Utambeba wewe. Ila kwanza niangalie chini ya gari yako."

"Angalia ushibe," Mapema alisema. "Siku ile mliponililia nilibadilisha kila kinachozunguka. Sikutaka kuwapa raha tena."

Kidole aliangalia, akatikisa matairi, akaridhika. Wakahamisha vyombo kutoka pikapu moja kwenda nyingine, kituo kizima kikibeba, na Kidole akikifunga kioo upya kwa mikono yake. Fundi alifika, akatazama chuma kilichoning'inia, akamtazama Kidole. Angeweza kumwambia "nilikwambia." Hakumwambia, na kwa hilo Kidole anamheshimu mpaka leo. Aliinua pua ya pikapu kwa mnyororo. Matairi ya mbele yakabaki hewani, moja linatazama huku, jingine kule, kama majirani walionuniana.

Madereva walisimama kando ya barabara, kama ilivyo kawaida yao. Brekidauni ikaanza kuondoka. Hakuna aliyelia. Mmoja alitazama viatu vyake, mwingine akavua kofia kabisa. Walikuwa wanamwonea huruma. Kidole alistahimili kimya hicho kidogo tu, kisha kikamshinda. Hakuwa amefiwa. Alikuwa na mke mzima na binti mzima, wote wawili wamesimama pale barabarani, na ni yeye aliyewateremsha. Alizungushia mdomo viganja vyote viwili, akajaza hewa kifuani, akalia.

"Muuuuu."

Kilikuwa kilio kirefu, kizuri kuliko hata kile alichompa Mapema. Mapema ndiye aliyeanza kuvunjika mbavu, kisha akaitikia, kisha kituo kizima kikaitikia, na pikapu yenye mlango wa buluu ikapita katikati ya kelele hizo ikivutwa kwa mara ya kwanza maishani mwake. Mwenye duka la mbao alitoka tena kutafuta ng'ombe. Mama alicheka huku akijifuta machozi kwa pembe ya pazia jipya.

Zilipokwisha kelele, dereva mmoja alijilaza chini ya gari lake bila kusema kitu. Akafuata mwingine. Wapo waliosema yao haina shida, hao hawakosekani. Lakini kwenye msumari wa mlango wa duka la mbao zilianza kuning'inia tai, na ziko pale hadi sasa, na dereva mgeni akitaja kulivalisha gari tai huoneshwa msumari huo kabla hajamaliza sentensi.

Siku hizi pikapu ina tairodi mpya kulia na kushoto. Usukani ni mzito, na Kidole anaushika kwa mikono miwili mahali popote, hata kwenye uchochoro wa kiwanda cha sabuni. Mteja akimtania, humjibu kwamba kidole kiko likizo. Jina halikuondoka. Yale yote aliyokuwa akiogopa yalimchukua wiki moja kuyazoea.

Lakini nimetangulia. Siku ile walishuka mteremko kwenye gari la Mapema, wakafika wamechelewa, kwa sababu dereva alikuwa Mapema. Waliingiza vyombo, Kidole akaunga kitanda, mama akapandisha mapazia, na kioo kirefu kikatoka kwenye mablanketi bila hata mkwaruzo. Ndani ya kioo hicho Kidole alijiona: vumbi nywele zote, shati limeharibika kabisa.

"Pole, mwanangu," alisema. "Ulitaka kidole, ukapata aibu."

"Aibu ipi, baba?"

Binti aliketi kando yake kwenye godoro lisilo na shuka, akamwekea simu mbele. Kidole alijiandaa kujisikia akilia kama ng'ombe. Badala yake aliviona viatu vyake vikitokeza chini ya pikapu. Akajiona anatoka, anasimama, mpira uko mkononi. Akajisikia akisema mwanangu hasafiri juu ya mpira. Halafu ikasikika sauti ya binti, karibu sana na simu, akiwaambia wenzake wa wodini.

"Mmemwona? Huyo ndiye dereva niliyekuwa nawaambia. Ni baba yangu."

Mama, juu ya kiti, aliacha kufunga pazia.

"Umeshawatumia?" Kidole aliuliza.

"Zamani."

Alijifuta mikono kwenye suruali, akaishika simu kwa mikono yote miwili.

"Rudisha nyuma kidogo," alisema. "Pale ninapotoka chini."